Kufuli na usingizi ndani ya kerneli ya Linux: mwongozo kamili kwa anayeandika draiva

Programu ya kawaida ikigoma unaiua, unaiwasha tena, kazi inaendelea. Draiva ni msimbo wa kuendesha kifaa, unaokaa ndani ya kerneli, moyo wa mfumo wa uendeshaji; ikigoma huku imeshika kufuli, yaani kinga inayomruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati, bodi nzima inaganda: SSH haijibu, logi haziandikwi, modemu inanyamaza. Kama bodi hiyo imefungwa kwenye nguzo kando ya mfongo (mfereji wa kumwagilia) huko Kibosho, lazima mtu apande kutoka Moshi mjini akaizime kwa mkono. Kwa hiyo mada hii inastahili subira, na nitaieleza kwa draiva moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Draiva yenyewe ni ya mita ya maji. Gurudumu la mita likizunguka linatoa mapigo ya umeme, na kila pigo linaingia kwenye prosesa kama intarapti, ishara inayoikatiza kazi iliyokuwa ikiendelea. Pembeni kuna kihisi cha mgandamizo kilichounganishwa kwa basi ya I2C, njia ya nyaya mbili ya kuongea na chipu. Programu ya mtumiaji inafungua `/dev/mfongo0`, inasoma jumla ya mapigo na kuituma mjini, ili wanaogawa zamu za maji wajue nani amepata kiasi gani. Vijana wengi wa Arusha na Moshi wanaosomea elektroniki wanajenga vifaa vya namna hii, na karibu maswali yao yote kuhusu kerneli yanaishia palepale: nitumie kufuli lipi? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kabla ya kuchagua kufuli, jua msimbo wako unaendeshwa wapi na kama hapo unaruhusiwa kulala. Ukishalijibu hilo, uchaguzi wa kufuli karibu unajifanya wenyewe.

Hatua ya 1: Andika nani anaita nini

Kulala, kwa lugha ya kerneli, ni kuiachia prosesa kwa hiari. Uzi (mfululizo mmoja wa kazi) unaiambia skedula (inayogawa zamu za prosesa): endesha wengine, jambo langu likiwa tayari niamshe. Ili hilo liwezekane, lazima pawe na uzi unaoweza kuwekwa kando na kurudishwa baadaye.

Chukua karatasi. Orodhesha kila funksheni ya draiva yako, na mbele ya kila moja andika nani anaiita. `read`, `write` na `ioctl` huitwa kwa niaba ya mchakato wa mtumiaji, kwa hiyo kulala ni ruksa. `probe` na `remove` ni ruksa pia. Kazi iliyowekwa kwenye foleni kwa `schedule_work()` huendeshwa na uzi wa kerneli, nayo ni ruksa.

Mshughulikiaji wa intarapti hana ruhusa hiyo. Yeye amemkatiza yeyote aliyekuwa akiendeshwa dakika ile na hana uzi wake mwenyewe wa kulaza. Taima za kawaida za kerneli zimo kundi hilohilo, ingawa wengi hudhani taima ni uzi unaosubiri saa yake. Taima huitwa ndani ya softirq (kazi ambazo kerneli huzimalizia mara baada ya intarapti), na hapo hakuna kulala.

Kundi la tatu ndilo gumu, maana mahali palipokuwa ruksa panageuka marufuku katikati ya funksheni. Kuanzia `spin_lock()` hadi `spin_unlock()`, yaani ukiwa umeshika spinloki, huruhusiwi kulala. Vivyo hivyo kati ya `rcu_read_lock()` na `rcu_read_unlock()` (RCU, njia ya kusoma data bila kusubiri kufuli), baada ya `preempt_disable()`, na baada ya `local_irq_save()`. Funksheni yako ya `read` ni safi kabisa, lakini mistari minne ndani yake iko eneo la marufuku, na mtu akija miezi sita baadaye kuongeza mstari wa tano hataona kibao chochote. Weka kibao mwenyewe: maoni juu ya kufuli, yenye maneno mawili tu, "usilale hapa".

Kuna njia ya mkato ambayo naiona mara kwa mara na naipinga kabisa:

```c
p = kmalloc(n, in_atomic() ? GFP_ATOMIC : GFP_KERNEL);   /* usifanye hivi */
```

Inaonekana ya busara: iulize kerneli iko wapi, kisha chagua kuomba kumbukumbu bila kulala (`GFP_ATOMIC`) au kwa kuruhusu kulala (`GFP_KERNEL`). Lakini kwenye kerneli iliyojengwa bila kuhesabu uzuiaji wa skedula, `in_atomic()` haina habari kwamba umeshika spinloki. Itakujibu kwamba mambo ni shwari wakati si shwari. Anayejua ni yule anayeita, kwa hiyo funksheni yako ipokee `gfp_t` (chaguo hilo lenyewe) kama hoja, na anayeita aseme mwenyewe.

Hatua ya 2: Jua nini kinalala

Vingine vinajitangaza kwa majina yao: `msleep()`, `wait_event()`, `mutex_lock()`. Vinavyoleta maafa ni vile ambavyo jina halikuonyi.

`kmalloc()` yenye `GFP_KERNEL` inaweza kulala ikisubiri kurasa za kumbukumbu zisafishwe. Siku nyingi hailali, kwa kuwa kumbukumbu ipo, na kwa hiyo jaribio lako mezani litapita. Siku kumbukumbu inapobana ndipo italala, nawe huna uwezo wa kuipangia siku hiyo. `copy_to_user()` na `copy_from_user()` nazo zinaweza kulala, maana ukurasa wa mtumiaji huenda haupo kwenye RAM ukahitaji kuletwa. Muamala wa I2C unalala karibu kila mara, kwa kuwa basi ni ya polepole na draiva yake husubiri ukamilike. `synchronize_rcu()`, `free_irq()`, `flush_work()` na `cancel_work_sync()` zote husubiri, na kusubiri ni kulala.

Hata pini ya GPIO inaweza kukulaza. Ikiwa iko kwenye prosesa yenyewe, `gpiod_set_value()` inatosha. Ikiwa iko kwenye chipu ya kuongeza pini iliyoungwa kwa I2C, utahitaji `gpiod_set_value_cansleep()`, na huwezi kuiita ndani ya intarapti hata ungetaka vipi.

Upande wa pili, `udelay()` hailali. Inaizungusha prosesa bure kwa mikrosekunde ulizotaja. Ndani ya spinloki inakubalika kwa mikrosekunde chache. `mdelay()` ndani ya spinloki ni ukatili kwa viini vingine vya prosesa, hata kama hakuna onyo litakalotokea.

Hatua ya 3: Chagua kufuli kwa kufuata data

Kufuli hulinda data. Ukijikuta unasema "kufuli hili linalinda funksheni ya kusoma", simama, orodhesha vigezo vyenyewe. Kwa mita yetu kuna mafungu mawili. Jumla ya mapigo huguswa na intarapti na pia na `read`. Mpangilio wa kihisi cha mgandamizo huguswa na `ioctl` na kazi ya foleni peke yake, lakini kila kuguswa kunakwenda na muamala wa I2C.

Spinloki na myuteksi hutofautiana hivi. Anayesubiri zamu ya mfongo anaweza kusimama palepale kwenye banio (lango la maji), akimtazama mwenzake mpaka afunge. Ama anaweza kurudi shambani aendelee na mengine hadi aitwe. Anayesubiri spinloki husimama kwenye banio: prosesa yake inazunguka tu. Anayesubiri myuteksi huondoka, yaani hulala.

Sasa utaona kwa nini aliyeshika spinloki haruhusiwi kulala. Tuseme bodi ina viini vinne. Uzi wa kwanza unashika spinloki kisha unalala ukisubiri I2C. Nyuzi nyingine nne zinafika, kila moja kwenye kiini chake, zinalitaka kufuli hilohilo na kuanza kuzunguka. Hakuna kiini kilichobaki cha kumwendesha aliyelala, na yeye ndiye pekee mwenye uwezo wa kulifungua. Bodi imekwisha.

Kwenye kerneli iliyojengwa kwa ajili ya kiini kimoja, spinloki karibu inatoweka. Kinachobaki ni kuizuia skedula tu. Ndiyo maana draiva inaweza kuonekana nzima kwenye Raspberry Pi Zero ya zamani yenye kiini kimoja, ikahamishiwa Zero 2 W yenye viini vinne, ikaganda siku ya kwanza. Kosa lilikuwamo tangu mwanzo.

Kwa hiyo: jumla ya mapigo inaguswa na intarapti, na intarapti hailali, basi spinloki. Mpangilio wa kihisi unakwenda na I2C inayolala, basi myuteksi.

```c
struct mfongo {
    spinlock_t        k_mapigo; /* hulinda mapigo na mapya, USILALE HAPA */
    u64               mapigo;
    bool              mapya;

    struct mutex      k_kihisi; /* Hulinda mpangilio na muamala wa I2C */
    u16               mpangilio;

    wait_queue_head_t wasomaji;
    struct work_struct kazi;
    bool              imeondoka;
    int               irq;
};
```

Wapo wanaouliza kama namba moja inahitaji kufuli kweli. Inahitaji. Kuongeza moja ni kusoma, kujumlisha na kuandika, na mwingine anaweza kuingia katikati. Tena kwenye prosesa ya biti 32, namba ya biti 64 kwa kawaida husomwa kwa vipande viwili. Tuseme jumla imefika 4294967295. Umesoma nusu ya juu, ni sifuri. Pigo linaingia, jumla inakuwa 4294967296. Unasoma nusu ya chini, nayo sasa ni sifuri. Ripoti yako inasema mfongo haujapitisha hata tone.

Hatua ya 4: Shika kwa muda mfupi, zuia intarapti ukiwa upande wa mchakato

```c
static irqreturn_t pigo(int irq, void *d)
{
    struct mfongo *m = d;

    spin_lock(&m->k_mapigo);
    m->mapigo++;
    WRITE_ONCE(m->mapya, true);
    spin_unlock(&m->k_mapigo);

    wake_up_interruptible(&m->wasomaji);
    return IRQ_HANDLED;
}
```

Kuamsha hakulali, kwa hiyo `wake_up_interruptible()` ni halali hapa. Sasa upande wa `read`:

```c
static ssize_t soma(struct file *f, char __user *buf, size_t n, loff_t *pos)
{
    struct mfongo *m = f->private_data;
    unsigned long bendera;
    u64 nakala;
    int r;

    if (n < sizeof(nakala))
        return -EINVAL;

    r = wait_event_interruptible(m->wasomaji,
            READ_ONCE(m->mapya) || READ_ONCE(m->imeondoka));
    if (r)
        return r;
    if (READ_ONCE(m->imeondoka))
        return -ENODEV;

    spin_lock_irqsave(&m->k_mapigo, bendera);
    nakala = m->mapigo;
    WRITE_ONCE(m->mapya, false);
    spin_unlock_irqrestore(&m->k_mapigo, bendera);

    if (copy_to_user(buf, &nakala, sizeof(nakala)))
        return -EFAULT;
    return sizeof(nakala);
}
```

Tazama `spin_lock_irqsave()`. Ungetumia `spin_lock()` tupu hapa, intarapti ingeweza kuingia kwenye kiini hichohicho ukiwa umeshika kufuli. Mshughulikiaji angezunguka akilisubiri, na wewe usingeendelea mpaka yeye amalize. Huo ni mkwamo usiohitaji uzi wa pili. Ndani ya intarapti yenyewe `spin_lock()` inatosha, kwa kuwa Linux huendesha washughulikiaji hao intarapti zikiwa zimezuiwa kwenye kiini husika. Kama data ingeshirikiwa na taima badala ya intarapti, `spin_lock_bh()` ingetosha.

Jambo la pili ni `nakala`. Tunanakili ndani ya kufuli, tunafungua, ndipo tunampa mtumiaji. Desturi hii ya kunakili, kufungua, kisha kulala itakutatulia kesi nyingi kuliko ujanja mwingine wowote ninaoujua. Ukihitaji kumbukumbu, iombe kabla ya kushika kufuli kwa `GFP_KERNEL`. `GFP_ATOMIC` iache kwa ajili ya mahali pasipo na njia nyingine, maana hushindwa upesi zaidi, na ni lazima uwe na jibu la kweli la siku itakaporudisha `NULL`.

Hatua ya 5: Lala kwa sharti

Kusubiri jambo kuna mtego wake wa kale. Unaangalia `mapya`, ni uongo. Kabla hujalala, pigo linaingia, linaweka `mapya` kuwa kweli na kuamsha foleni, ambayo bado haina mtu. Kisha unalala. Aliyepaswa kukuamsha ameshapita, na maji yakiwa yamefungwa hapatakuja pigo jingine mpaka kesho. Kerneli ilikuwa na funksheni iitwayo `sleep_on()` iliyokuwa na ugonjwa huohuo. Iliondolewa kabisa katika toleo la 3.15, mwaka 2014.

`wait_event_interruptible()` hujiandikisha kwenye foleni kwanza, kisha huangalia sharti, ndipo hulala. Na kila ikiamshwa huangalia sharti upya. Usijitengenezee ya kwako. Na usipuuze inachorudisha: mtumiaji akibonyeza Ctrl-C utapata `-ERESTARTSYS`, nawe uirudishe ilivyo. Anayetumia `wait_event()` isiyokatizwa anazalisha michakato iliyo katika hali ya D (usingizi usiokatizwa), ambayo hata `kill -9` haiigusi.

Katika mfano wetu wasomaji wawili wakiamka pamoja, wote wanapata jumla ileile na hakuna hasara. Ungekuwa unatoa rekodi kwenye bafa, msomaji wa pili angekuta bafa tupu, kwa hiyo sharti lazima likaguliwe tena ndani ya kufuli. Kwa kazi hiyo ipo `wait_event_interruptible_lock_irq()`, ambayo huachia spinloki wakati wa kulala na kuishika tena kabla ya kukagua.

Hatua ya 6: Hamisha kinacholala

Tuseme kila pigo tunataka mgandamizo usomwe. I2C ndani ya `pigo()` haiwezekani. Andika `schedule_work(&m->kazi)` ndani ya intarapti, na kazi yenyewe ishike `k_kihisi` na kuongea na kihisi kwa raha zake. Kama intarapti nzima ni ya kihisi cha I2C, tumia `request_threaded_irq()` yenye `IRQF_ONESHOT`: kerneli inakupa uzi, na laini ya intarapti inabaki imefungwa mpaka uzi umalize.

Hatua ya 7: Washa wakaguzi kabla ya kitu kingine

Naiweka hapa kwa sababu sasa utaelewa wanachosema, lakini kwa vitendo fanya hivi siku ya kwanza. Jenga kerneli ya majaribio yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING=y` na `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP=y`, uiendeshe ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta) kwa `-smp 4`, yaani viini vinne. Laptopu ya kawaida inatosha. Huhitaji bodi, na umeme ukikatika Njiro, Arusha, betri inakubeba.

Ukilala pasiporuhusiwa utaona kitu cha namna hii:

```
BUG: sleeping function called from invalid context at kernel/locking/mutex.c:...
in_atomic(): 1, irqs_disabled(): 128, non_block: 0, pid: 412, name: msomaji
```

Faili iliyotajwa mwisho wa mstari wa kwanza si mkosaji. Ni mahali ukaguzi `might_sleep()` ulipokaa. Mkosaji yuko chini, kwenye orodha ya miito: shuka mpaka funksheni ya kwanza yenye jina lako. `in_atomic(): 1` inakuambia kuna spinloki au kitu cha jamii yake. `irqs_disabled()` isipokuwa sifuri, intarapti zilikuwa zimezuiwa. Kwenye ARM ya biti 32 utaona 128 mahali ambapo x86 huonyesha 1. Maana ni ileile.

`CONFIG_PROVE_LOCKING` ndiyo inayowasha lockdep (mkaguzi wa makufuli), iliyoingia kerneli mwaka 2006 katika toleo la 2.6.18. Haisubiri mkwamo utokee. Inakumbuka kila mpangilio wa kushika makufuli iliowahi kuuona. Ukishika A kisha B asubuhi, na mchana B kisha A, inalalamika papo hapo: `possible circular locking dependency detected`. Kosa la hatua ya 4 italiita `inconsistent lock state`. Ikisharipoti mara moja hujizima. Ukimya baada ya ripoti ya kwanza haumaanishi kwamba yaliyobaki ni mazima: rekebisha, washa upya, jaribu tena.

Mkwamo ukitokea kwenye bodi halisi na bado una konsoli, `echo w > /proc/sysrq-trigger` itakuonyesha michakato iliyokwama na kila mmoja amesimama wapi.

Hatua ya 8: Fikiria kerneli ya wakati halisi

Tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024, PREEMPT_RT, chaguo la kuifanya kerneli ijibu kwa wakati uliopangwa, imo ndani ya kerneli kuu. Ukiiwasha, `spinlock_t` inageuka kuwa kufuli linaloweza kulala, na intarapti nyingi zinapewa nyuzi. Msimbo wetu hapo juu unafanya kazi bila kubadilishwa. Usikimbilie `raw_spinlock_t` kwa kuwa tu inaonekana imara zaidi. Hiyo ni ya skedula na vidhibiti vya intarapti.

Hatua ya 9: Ondoa kwa utaratibu

Draiva nyingi huandikwa vizuri hadi `remove`, kisha zinaharibika hapo.

```c
static void ondoa(struct mfongo *m)
{
    WRITE_ONCE(m->imeondoka, true);
    wake_up_interruptible(&m->wasomaji);
    free_irq(m->irq, m); /* husubiri mshughulikiaji amalize */
    cancel_work_sync(&m->kazi);   /* husubiri kazi imalize */
}
```

Mpangilio huu una sababu. Ukifuta kazi kwanza, pigo moja linaweza kuingia baadaye na kuiweka tena kwenye foleni, kisha kazi ikaamka kumbukumbu ikiwa imeshaachiliwa. Kosa hilohilo hujificha kwa anayetumia `devm_request_irq()`: intarapti yake huachiliwa baada ya `remove` kurudi, yaani baada ya `cancel_work_sync()` yako. Katika draiva yenye kazi za foleni mimi huachilia intarapti kwa mkono. Na kamwe usiite `cancel_work_sync()` ukiwa umeshika `k_kihisi`, maana kazi inayosubiriwa nayo inalitaka kufuli hilo. Lockdep itakukamata, kama umeiwasha. Programu iliyofungua `/dev/mfongo0` bado inaweza kushika faili, kwa hiyo `struct mfongo` iachiliwe na wa mwisho kuondoka, kwa `kref` (kihesabu cha wanaoitumia).

Ijaribu kwa kuingiza na kutoa moduli mfululizo huku mapigo bandia yakiendelea kumiminika na wasomaji wawili wakiwa wazi, usiku kucha, lockdep ikiwa macho.